Mpiga Pondo wa Saruji

Kila nikitoka Lupiro na miguu yangu hii, kabla sijaingia sokoni Ifakara nilikuwa napumzika kwenye daraja la waenda kwa miguu. Pale katikati palikuwa na sanamu ya saruji: mwanamume kwenye mtumbwi, kainua pondo, ule mti mrefu wa kuusukumia. Waliiweka tuwakumbuke wavushaji wa zamani, kabla ya daraja kubwa la mto. Chini yake Balbina aliuza perege wa kukaanga.

Mumewe, Vitus, alikuwa mvushaji. Mkono wa kushoto alikuwa na vidole vinne, cha tano kilibaki kwenye mashamba ya miwa. Mwaka wa mafuriko mtumbwi wake ulipinduka, mwili haukuonekana. Kwao asiyeonekana huzikiwa mgomba: unakatwa kwa kimo cha marehemu, unavikwa shuka, unaliliwa, matanga yanakwisha. Balbina alikataa. Miaka kumi na miwili shemeji zake wanambembeleza, yeye jibu moja: "Sizikii mgomba mtu ambaye sijamwona amekufa."

Sanamu ilipowekwa, akaona uso ni wa Vitus kabisa. Akahamishia meza yake pale.

"Mama Dativa," vijana wa bodaboda wakimtania Balbina kwa jina la mwanawe, "shemeji hajashuka tu?"

"Atashukaje, na fundi kamsimamisha mbele? Pondo hupigwa nyuma! Fundi gani huyo, hajawahi kuvuka hata dimbwi."

Tulicheka. Lakini asubuhi alikuwa anaifuta vumbi miguuni, niliona mwenyewe.

Masika haya daraja likapata ufa. Mafundi wakasema sanamu ni nzito, wakaivunja, kifusi wakamwaga kwenye mashimo ya barabara. Nikamkuta Balbina kapiga magoti, anachokoachokoa.

"Shikamoo babu. Nitafutie kichwa. Nikipata kichwa, nitazika hicho."

Tukatafuta mpaka mgongo ukanikatalia. Kichwa kilikuwa kimesagika. Tulipata mkono wa kushoto tu, umeng'ang'ania kipande cha pondo. Akaufuta kwa khanga yake, akahesabu vidole. Akarudia.

"Vitano," akasema.

Akaurudisha shimoni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Halafu akampigia simu Ignas, kaka yake Vitus.

"Shemeji, kateni mgomba."

Ignas akauliza wa urefu gani. Balbina akatazama juu darajani, pale palipobaki vyuma vilivyopinda.

"Sikumbuki, shemeji," akasema. "Pima wewe. Ni ndugu yako."