Picha za ramani zilipigwa wakati wa mbalamwezi, eneo la dagaa likaandikwa "eneo wazi"

Habari zenu wakuu.

Najua humu watu mnanusa chai ikiwa bado jikoni, kwa hiyo niseme mapema: haya yamenitokea mimi, mtaani kwetu Ujiji, na wahusika wapo, wanaendelea na shughuli zao. Majina nimebadili, mwalo wenyewe, yaani ufukwe zinaposhukia boti za wavuvi, sitautaja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni yule mtu anayekaa nyuma kwenye kikao na kuuliza "kwa nini" mpaka mwenyekiti anajuta kumpa nafasi. Digrii ya uchumi ipo, ajira haipo, nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapisha. Muda wa kubishana ninao wa kutosha.

Tuendelee.

Mji wetu unajaa. Kuanzia Mwanga mpaka Gungu, kupata kiwanja imekuwa hadithi ya wazee. Watu wanajenga vilimani, wanajenga kwenye mikondo ya maji, wanajenga mahali ambapo bajaji inafika kwa kusukumwa.

Kwa hiyo iliposemwa kwamba unaandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi kwa ukanda wetu wa ziwani, ili tuwe tumeshajua watu watakaa wapi na watapita wapi mji ukizidi kukua, hata mimi mbishi niliona ni jambo la maana.

Rasimu ikabandikwa ukutani ofisi ya mtaa. Ramani kubwa, rangi safi. Njano makazi, nyekundu biashara, kijani mahali pa kupumzikia, kana kwamba huku kwetu kuna mtu anapumzika.

Nikatafuta mwalo wetu.

Pale kina mama wanapoanikia dagaa pamepakwa zambarau: stendi ya daladala na bajaji, pamoja na gati la boti za abiria. Pembeni wameandika matumizi ya sasa: "eneo wazi".

Wakuu, mimi nimelelewa kwenye hilo eneo wazi. Mama yangu alipofariki, mdogo wake, mama mdogo Sikudhani, alinichukua, na chakula chote nilichokula kwake kimetoka kwenye ule mchanga. Boti za wavuvi zikifika asubuhi, yeye na wenzake wananunua dagaa, wanawatandaza kwenye vichanja na mchangani, jua likiwa zuri jioni wanafunga magunia.

Hana pa kuanikia pengine. Ziwa lilipojaa miaka hii ya karibuni lilikula kipande kikubwa cha ufukwe. Wakipewa stendi pale, kazi yake imekwisha.

Nikaenda kumwambia, nimejipanga kabisa kwa kumfariji.

"Stendi?" akasema, akaweka chini beseni. "Kweli wataleta stendi huku?"

Uso ulimng'aa. Nikafikiri hajanielewa.

"Mama mdogo, wanachukua pale unapoanika."

"Nimesikia. Na stendi naitaka. Unajua gunia langu linafikaje barabarani? Kichwani mwa mtu. Wale wagonjwa wanaoshuka kwenye boti kutoka Mwamgongo na Kagunga, huwaoni wanavyobebwa kwenye mchanga kama mizigo?"

"Huwezi kutaka vyote viwili."

"Nani kasema? Hiyo ya kutaka kimoja kimoja mmefundishana huko chuoni."

Nikaenda kutafuta jibu kwenye mkutano wa kutoa maoni.

Mtu wa mipango miji aliyeleta rasimu alikuwa dada mmoja wa umri wangu, nimwite Edna. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Shida ni kwamba alikuwa anasikiliza, tena anaandika, jambo ambalo sikulizoea.

Nikauliza swali moja tu: picha za kutengenezea ramani zilipigwa siku gani?

Akasema zilipigwa kwa droni, akafungua kompyuta yake, akataja tarehe. Kina mama waliokaa mbele wakaangaliana, halafu wakaanza kucheka, kwanza kwa aibu, baadaye bila aibu.

Kwa ndugu zetu wasiojua ziwa: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi, dagaa wanatawanyika. Hicho kipindi tunakiita mbalamwezi, na wavuvi wanapumzika. Boti zinavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, kina mama wanasukana nywele. Siongelei ile miezi serikali inapofunga ziwa, hapana. Hii ni kila mwezi, tangu babu zetu.

Droni ilipita wakati wa mbalamwezi. Huko juu iliona mchanga mweupe, vichanja vimelazwa pembeni, hakuna mtu. Ingekuwa mimi ndiyo droni ningeandika hivyo hivyo.

Edna hakujitetea. "Mimi kwetu ni Njombe," akasema. "Dagaa nawajua wakiwa kwenye mfuko. Giza linaanza lini?"

Mama mdogo akamjibu: "Wiki ijayo. Njoo asubuhi, usinywe chai, utakunywa kwangu."

Akaja kweli.

Nilimkuta amesimama mwisho wa barabara, viatu mkononi. Mbele yake, kutoka alipokanyaga mpaka kwenye maji, kulikuwa na dagaa. Vichanjani, mchangani, juu ya nyavu kuukuu, kila mahali panang'aa, na kina mama wanapita kwenye vijia ambavyo wanavijua wenyewe.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama mdogo kutoka mbali. "Nipite wapi?"

"Marahaba mwanangu. Leo hakuna njia. Njia ni mbalamwezi."

Mwingine akadakia akiwa ameinama: "Si ulituandika tuko wazi? Pita basi."

Walicheka wote, Edna naye akacheka, wakamwelekeza hatua kwa hatua mpaka katikati. Alishinda pale mpaka mchana. Alianika. Alianika vibaya, wakapita nyuma yake wakipanga upya bila kumwambia. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba yule mtoto ana roho nzuri ila mikono yake ni ya ofisini.

Wakati wa chai, mzee wa boti mmoja akapendekeza tugawane: giza pawe pa dagaa, mbalamwezi pawe stendi. Edna akafikiria kwa heshima kabisa, kisha akasema abiria wanasafiri kila siku, na kwenye ramani kipande kimoja kinapata rangi moja.

"Basi tafuta pengine pa kuweka hiyo rangi yako," mama mdogo akasema. "Ila isiwe mbali na gati."

Sasa wakuu, hapa ndipo stori iliponigeukia.

Kikao cha pili, Edna akaja na mapendekezo mapya. Eneo la dagaa libaki la dagaa, lipewe rangi na jina lake. Gati libaki pembeni. Stendi ipande juu kidogo, kwenye kiwanja cha karibu kisicho na nyumba, ambacho kwenye picha kinaonekana kitupu.

Kiwanja hicho ni uwanja wa mpira.

Uwanja wetu. Mimi nacheza beki wa kulia pale tangu shule ya msingi. Nikasimama bila hata kuruhusiwa.

"Pale si wazi," nikasema. "Mmepiga picha mchana. Njooni jioni muone."

Ukumbi mzima ukageuka. Mama mdogo alikuwa mstari wa pili. Hakuinua sauti.

"Asubuhi kuna nini pale, baba?"

"Hakuna kitu, lakini..."

"Mchana?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Mama mdogo, mpira ni jambo la vijana wote wa mtaa."

"Ego," akasema, ile "ndiyo" ya Kiha anayoitoa akiwa hajakubali chochote. "Na dagaa ndiyo wanawalisha hao vijana wote. Wewe hilo goti lako unalolalamikia kila Jumapili, huu mpira utaucheza mpaka lini?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashindwa kutuliza. Nahodha wetu, Sele, ambaye nilitegemea anitetee, alikuwa anacheka kuliko wote. Mama yake naye anaanika.

Nilikaa chini. Na nikiwa nimekaa nilijiuliza, kwa kuwa ndiyo tabia yangu: kama ningekuwa naweza kuchagua mimi peke yangu, ningechagua nini? Nilimwangalia mama mdogo, amejifunga kanga, mikono imepasuka kwa maji na jua. Haikuchukua muda.

Nilinyoosha mkono wa kukubali. Niliunyoosha nusu, lakini ulihesabiwa.

Rasimu mpya imepita mtaani, sasa iko ngazi za juu. Vigingi vya mwanzo vimeshapigwa, kimoja kiko karibu na goli la kaskazini. Stendi itajengwa kweli? Sijui. Nitaamini nikiona greda. Ila kwenye ramani sasa kuna maneno "eneo la kuanikia dagaa", na mama mdogo ananilazimisha nimtolee kopi za hicho kipande tu, awape wenzake. Ya kwake ameibandika juu ya kitanda.

Uwanja mbadala hatujapewa. Mbalamwezi iliyopita Sele alienda kumwomba mama mdogo tuchezee mchangani. Akakubali kwa masharti: miguu mitupu, vichanja tuvihamishe wenyewe, na giza likianza turudishe kila kimoja mahali pake bila kukumbushwa.

Kucheza kwenye mchanga ni adhabu, goti langu ni shahidi. Tulifungwa matatu. Kina mama walikaa pembeni kwenye mabeseni yaliyogeuzwa, wanatuzomea kwa Kiswahili na Kiha.

Nilichojifunza: ukiambiwa mahali pako wazi, uliza pako wazi lini. Na ukimaliza kuuliza kuhusu eneo lako, uliza na la mwenzako, maana hilo la pili ndilo linalouma.

Waliokulia kwenye mialo ya Ilagala na kwingineko, na nyie wa bara, semeni: kwenu kuna sehemu gani inayoonekana tupu kwa mgeni lakini ina wenyewe? Wataalamu wa ardhi humu msinikwepe, nina maswali kwenu.

Nitayasoma majibu usiku. Giza limeingia jana, na vichanja tulivyovifanya nguzo za goli bado hatujavirudisha.