Nilirekodi video ya kufungua email, sasa code za watu zinaingia kwenye simu yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta wiki hii na sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi limenitosha.

Nina stationery ndogo Kasulu mjini. Kila siku watu wanakuja kufunguliwa email, nikachoka kurudia maneno yale yale. Nikaona nirekodi screen ya simu yangu, hatua kwa hatua, nirushe kwenye magroup ya WhatsApp.

Video za kwanza watu walipotea. Naonyesha kitufe hiki, mtu anabonyeza kingine, halafu ananipigia simu kulalamika.

Kwa hiyo ile ya email nikasema kwa msisitizo, "Fanya kama unavyoniona. Usibadilishe kitu."

Ikasambaa aisee. Kibondo, Kakonko, mpaka Muyama kwa mama mkwe. Nikavimba kichwa kidogo, siwafichi.

Jumanne asubuhi ikaingia SMS, code ya kuthibitisha akaunti. Sijaomba code yoyote. Ikaja nyingine. Na nyingine tena.

Laini hiyo ndiyo biashara yangu yote, nikajua matapeli wameshanifikia. Nikafuta zile SMS, nikazima simu, nikachomoa na laini kabisa.

Siku nzima nashtuka kila mteja akiingia, hata wa photocopy.

Kesho yake mchana akaja mama mmoja, simu kaifunga kwenye kona ya kitenge.

"Ni wewe mwalimu wa kwenye video?"

Nikaitikia kwa woga.

"Eee, sauti ni yenyewe. Sasa mbona hupatikani? Tangu jana nakupigia. Nimetoka Kibondo mie!"

Simu yake iliharibika, fundi akafuta kila kitu, na email ikagoma kufunguka bila code. Email yenyewe ni ya binti yake. Chuo cha uuguzi kimempa nafasi, anatakiwa kuthibitisha humo humo kwenye email, na mwisho ni siku hiyo hiyo. Amemwacha binti nyumbani analia.

"Code inakwenda namba gani, mama?"

"Si kwako! Namba uliyoandika kwenye video ndiyo na mie nimeandika. Ulisema tusibadilishe kitu."

Wakuu, ile namba yangu niliiweka kama mfano tu, na hakuna mahali nilipotamka kwamba ni mfano.

Nikarudisha laini, nikawasha simu. Tukaomba code upya. Mtandao unazunguka tu, mama anasali kwa Kiha, mimi nasali kimoyomoyo.

Ikaingia. Tukafungua, tukathibitisha, nikaitoa namba yangu nikaweka ya kwake. Mama akakaa sakafuni, anacheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nilikuwa karibu kulia.

Nilichojifunza: ukimrekodia mtu anayeanza, mwambie waziwazi kipi aige na kipi aweke cha kwake. Usidhani atajiongeza.

Nimesharekodi nyingine. Ila ile ya zamani bado inazunguka kwenye magroup nisiyoyajua, siwezi kuirudisha.

Leo asubuhi imeingia code nyingine. Sijui ni ya nani, wala anasubiri nini. Nimekaa nayo hapa, chai imepoa.

Kama ni wewe, au unahisi unamjua, andika hapa chini. Au nipigie, namba unayo. Simu sizimi tena.