Kisanduku Kimoja Chenye Majina Matatu

Nikipita njia ya Moshono mpaka leo nainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeangalia simu, na simu yenyewe haina kitu. Ni aibu tu. Na aibu hiyo haikutokana na ulevi wala mapenzi, maana hayo angalau mtu anaweza kuyaeleza. Ilitokana na mimi kutaka kuandika Kiswahili kizuri.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Kimandolu inayotengeneza programu kwa ajili ya vyama vya ushirika. Mimi sitengenezi programu, naandika miongozo, yaani vile vijitabu vinavyomwambia mtu bonyeza hapa, unganisha pale, subiri taa iwake. Anayetengeneza programu ni Zuhura, mtoto wa mjini, wa ile mitaa ya zamani karibu na soko, dada mpole ambaye jambo akishalisema mara moja halirudii. Safari hiyo tulikuwa na kazi ya chama cha wafugaji wa maziwa kule juu Moshono. Mfugaji analeta maziwa, yanawekwa kwenye mizani, kisanduku cheusi kilicho pembeni (ukubwa wa mkate hivi) kinapokea uzito na kumtumia mfugaji ujumbe kwenye simu yake, ili jioni asibishane na mtu. Programu iliyomo kwenye kisanduku hicho, pamoja na kisanduku chenyewe, Zuhura alivipa jina moja: Kipokezi.

"Aika," akaniambia, "kitu kimoja, jina moja. Kwenye skrini ni Kipokezi, na kwenye mwongozo kiwe Kipokezi."

"Kwa nini?" nikamuuliza. (Mimi kila kitu nauliza kwa nini. Nyumbani Machame hata mwinjilisti siku hizi akija anauliza kwanza kama nipo.)

"Kwa sababu msomaji hayupo kichwani mwako."

"Msomaji si mashine, Zuhura. Ukimwimbia Kipokezi, Kipokezi, Kipokezi ukurasa mzima atasinzia."

"Asinzie, ilimradi maziwa yapimwe."

Sikuridhika. Nani aliweka hiyo sheria? Shule nzima nimefundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha, mwalimu wa insha alikuwa anazungushia kalamu nyekundu kila neno lililojitokeza mara mbili, leo mtu anataka nirudie kwa makusudi? Basi nikakaa nikaandika. Sura ya kwanza kile kisanduku nikakiita Kipokezi, kumheshimu Zuhura. Sura ya pili nikakiita Kinasa Uzito. Sura ya tatu, nikiwa nimenogewa, nikakiita Lango la Taarifa. Tena majina yote nikayaanza kwa herufi kubwa, yaonekane yana hadhi. Bosi akasoma kijitabu, akasema kinasomeka kama gazeti, tukachapa. Zuhura hakukisoma, alikuwa amezama kwenye programu. Akapakia mzigo kwenye katoni, ukapelekwa Moshono siku moja kabla ya uzinduzi, akaupokea mtunza stoo wa chama, kijana mmoja anaitwa Elisante, akauweka stoo na kufunga.

Sasa kile chama kina utaratibu wake. Kifaa kipya hakitumiki mpaka kitajwe kwa jina mbele ya wanachama na kuinuliwa juu, kila mtu akione kwa macho, kwa sababu mali ni ya wote. Mimi utaratibu huo sikuujua. Asubuhi ya uzinduzi mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda yangu ikateleza teleza kwenye matope, nikafika wakiwa wameshaanza bila mimi. Nikakuta watu wamesimama na madumu yao ya maziwa, kimya, kama wapo msibani.

"Shikamooni," nikasema. Wazee wakaitikia marahaba bila kuniangalia.

Mwenyekiti wao, Mama Akyoo, mwalimu mstaafu, alikuwa mezani na kijitabu changu mkononi. "Karibu, mwanangu," akasema. "Tumekwama. Tumekisoma kitabu chenu ukurasa kwa ukurasa, kila kifaa kikitajwa tunamwambia Elisante akiinue. Mizani ipo, na kingine kimoja ameinua. Viwili hana."

Hapa mtu yeyote mwenye akili angeuliza ni viwili gani. Mimi, msomi, mtu wa kuhoji kila kitu, nikamgeukia Elisante.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Ninao mimi, dada."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Katoni ilikuja imefungwa kwa gundi. Nani aliifungua?"

Akasita. "Niliifungua jana jioni, nikatazama, nikaifunga."

"Kwa nini uliifungua?"

"Nilitaka kuona tu."

"Alitaka kuona," mtu mmoja akasema kule nyuma, "na vyenyewe vikaona njia." Watu wakacheka, ila si kicheko cha furaha. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri kidogo, nikaona angalau maswali yangu yamefikisha watu mahali.

Alikuwepo mzee mmoja amesimama karibu na Elisante, mzee Mbise, nikaja kujua ni baba mkwe wake. Akaliinua dumu lake taratibu, akahama, akaenda kusimama upande wa pili wa watu. "Mimi ndiye niliyemdhamini hapa," akasema, sauti ya chini, haangalii mtu. "Niliulizwa kama namfahamu. Nikasema namfahamu."

Mama Akyoo akamwambia Elisante aweke ufunguo mezani, na kwamba wakimaliza wataenda naye kwa mtendaji wa kata. Akauweka. Nakumbuka aliuweka polepole usitoe mlio. Baadhi ya wanachama wakaona jua linapanda na maziwa hayasubiri kesi, wakabeba madumu yao wakaondoka kutafuta wanunuzi wa mitaani, na habari wakaondoka nayo.

Nikataka nionekane mtu wa haki. Nikasema, jamani, kabla hatujamhukumu mtu, tumuulize na aliyefungasha, huenda kosa ni la kwetu. (Hii ndiyo ilikuwa sentensi pekee ya maana niliyosema siku hiyo, na niliisema kwa kujionyesha.) Nikampigia Zuhura, nikaweka spika, nikaishika simu juu kila mtu asikie.

"Zuhura, kwenye ile katoni uliweka nini na nini?"

"Mizani, Kipokezi na nyaya zake."

"Hukusahau vifaa viwili?"

"Viwili gani?"

Nikampelekea Mama Akyoo simu. Akafungua kijitabu, akavaa miwani vizuri, akasoma kama anaita mahudhurio darasani: "Kinasa Uzito. Na Lango la Taarifa."

Nadhani mimi nilielewa kabla hajamaliza neno la mwisho. Zuhura akasema, "Aika, toa spika."

Heri ningetoa. Lakini mdomo ulikuwa bado kwenye ile safari ya haki, nikasikia unajibu wenyewe: "Hapana, sema wote wasikie."

"Haya," akasema. "Hivyo vyote ni kisanduku kimoja, hicho hicho Kipokezi. Hayo majina mengine umeyaweka wewe."

Akakata simu. Mama Akyoo akanitazama juu ya miwani. Sikuwa na pa kwenda, matope kila upande. Nikakichukua kisanduku mezani nikakiinua, kama utaratibu wao unavyotaka. "Hiki ndicho Kipokezi," nikasema. "Hiki hiki ndicho Kinasa Uzito. Na hiki hiki ndicho Lango la Taarifa. Hakuna kilichopotea. Nilikiandika hivyo mimi."

"Kwa hiyo Elisante hajachukua kitu," Mama Akyoo akasema. Hakuwa anauliza, alikuwa anataka niseme.

"Hajachukua kitu, mama. Elisante, nisamehe."

Yule wa kule nyuma akaniuliza, "Na wewe dada unaitwa nani na nani? Tujue mmekuja wangapi." Safari hii walicheka kweli, wengine mpaka wakaweka madumu chini.

Mzee Mbise hakucheka. Akavuka tena katikati ya watu na dumu lake, akaliweka mbele ya mizani, mbele ya mkwe wake. "Pima ya kwangu kwanza," akasema. Elisante akapima. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya mzee, naye akausoma na kuirudisha simu mfukoni, akabaki amesimama palepale.

Nilidhani yameisha. Mstari ulipokwisha Elisante akaja, ufunguo bado ukiwa mezani. "Dada, waliobaki wamesikia. Walioondoka je?"

"Mama Akyoo atawaambia kwenye kikao."

"Kikao ni mwezi ujao. Mke wangu anakwenda kisimani leo."

Basi tukatoka, yeye na mimi, kwa miguu, nyumba ya kila aliyeondoka. Yeye alikuwa anabisha hodi, akikaribishwa ananisogeza mbele, halafu anakaa kimya nyuma yangu mpaka nimalize. Nyumba nyingi walisikiliza, wakampa Elisante pole, mimi wakanipa maji ya kunywa. Nyumba ya mwisho tulimkuta bibi mmoja anamenya ndizi nje, akanisikiliza mpaka mwisho kisu kikiwa mkononi.

"Ulikipa majina matatu kwa nini?" akauliza.

"Niliona kurudia jina moja kunachosha, bibi."

"Kunamchosha nani?"

Nikatafuta jibu. Nilitafuta kweli, maana swali lilikuwa zuri, lilikuwa swali ambalo ningemuuliza mtu mwingine. Bibi akarudi kwenye ndizi zake, na Elisante akasema, "Tumwache bibi, dada, twende nikachukue ufunguo."

Kile kijitabu nilikiandika upya. Sura ya pili ina sentensi moja yenye Kipokezi mara nne, mbaya kweli kuisoma, na kila nikishawishika kuipamba kidogo nainuka naenda kunywa chai. Kuhoji sijaacha, siwezi. Ila nikisikia kitu kimepotea, siku hizi simuulizi mtu ufunguo ulikuwa kwa nani kabla sijauliza kama kitu chenyewe kiliwahi kuwepo.