Injini Iliyokataa Uriri

Mwezi uliopita gari langu lilinizimikia karibu na daraja la Migori, nikavutwa hadi kwa fundi. Kijana mpole. Alifungua boneti, akainama humo kitambo, kisha akaniambia injini imekwisha, ila anaweza kunitafutia nyingine ya kampuni ileile, ya mwaka mwingine, na akibadilisha vitu viwili vitatu itakubali.

"Lakini niachie giaboksi, mathe, niende nayo kama sampo. Nisije nikakuletea kitu haiingiani."

Alisema kweli tupu. Kazi hiyo ndivyo inavyofanywa. Lakini nilijikuta nimesema hapana kwa sauti iliyowageuza watu wa duka la jirani, hata mwenyewe nikaona haya. Acha nikueleze kwa nini, maana miaka yote hii tunayojuana hujanisikia nikiwataja ndugu za mama yangu.

Miaka michache baada ya uhuru tulikuwa tukikaa Uriri, juu kidogo ya barabara. Baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Siku za soko ilibeba njugu, mahindi, kuku waliofungwa miguu, na akina mama waliokaa juu ya magunia wakipiga soga. Sisi watoto tuliamshwa na sauti yake: baba anazungusha hendeli, inakohoa, inakohoa tena, kisha inashika. Moshi wake uliingia jikoni ukachanganyika na harufu ya uji wa mtama. Kwa sababu ya pikapu hiyo, mama alikuwa ameacha kubeba mizigo kichwani, na pale utosini, kata ilipokuwa ikisugua, nywele zilikuwa zimeanza kuota tena.

Halafu injini ikapasuka, ikawa haina dawa.

Baba hakuhangaika sana, kwa sababu tulikuwa na mjomba. Alikuwa mdogo wake mama, fundi wa magari Homa Bay, na sisi tulimwita Nera, kama Wajaluo wanavyomwita ndugu wa mama. Mama alikuwa amembeba mgongoni alipokuwa mchanga. Akija kwetu alikuja na samaki wabichi, ngege wa ziwani, waliofungwa kwa majani, na kabla ya kuketi alituigizia magari: lori linalopanda mlima, basi lililopasuka ekzosi. Tulicheka hadi tukalia. Sikumpenda mtu mwingine vile.

Ni yeye aliyetafuta injini nyingine. Mfanyabiashara mmoja wa Homa Bay alikuwa amepindua gari lake. Mwili umepondeka, injini nzima. Baba akauza fahali wake wa kulimia, injini ikaja Uriri juu ya lori la pamba. Watu walijaa uani kuitazama ikiinuliwa kwa mnyororo chini ya magogo matatu. Mama alikaanga njugu sinia zima. Ilikuwa kama harusi.

Lakini haikuingia. Magari hayo mawili yalitoka kampuni moja, ila hayakuwa rika moja. Matundu ya bolti hayakulingana na ya giaboksi yetu. Maunti, vile vyuma vinavyoshikilia injini, zilikaa mbele mno. Feni ikawa inagusa rejeta. Mjomba alipanda, akashuka, akalala chini ya gari, akatoka na mchanga mgongoni.

"Gari ni kama mtu, shemeji," alimwambia baba akijifuta mikono. "Haikubali damu ya kila mtu. Lakini tutaitafutia ndugu zake."

Alisema kinachotakiwa ni kile kifuniko kikubwa kinachounganisha injini na giaboksi, na kwamba ni rahisi injini kukaa Homa Bay, ajaribu kila kifuniko atakachopata, kuliko kubeba kila kimoja hadi Uriri. Baba akaona ni sawa. Injini ikarudi. Baadaye mjomba akaja kuchukua giaboksi, apimie. Halafu rejeta. Halafu stata. Kila mara alikula, akatuchekesha, akaondoka na kipande cha gari letu kwenye gunia.

"Imekubali?" baba alimwuliza kila alipokuja.

"Bado, shemeji. Imekataa kidogo tu."

Mvua za masika zikaja zikaisha. Mtama ukavunwa. Wateja wa baba wakapata gari lingine. Mama akarudia kubeba njugu kichwani hadi sokoni, na mimi nikatolewa shuleni nisaidie shambani, huku nikiambiwa ni kwa muda, injini ikikubali nitarudi.

Kazi za shamba zilipopungua mama akasema twende Homa Bay kumwona nyanya, ambaye alikuwa akikaa na mjomba. Tulibeba jogoo na unga wa wimbi. Nyanya alitupokea vizuri, akaweka chungu cha samaki motoni. Binamu yangu, binti wa mjomba, wa rika langu, tuliyekuwa tukilala mkeka mmoja, akanishika mkono.

"Umeona gari ya baba? Inapeleka samaki mpaka Kisii! Ngoja, inarudi saa hii."

Aliniambia kwa furaha. Hakuwa na ubaya wowote, mtoto yule.

Mama alisikia. Alikuwa akimwaga unga kwenye kapu, akaacha. Gari likaingia uani likinuka samaki. Mwili wake sikuujua, ulikuwa wa buluu. Lakini mbele, nyuma ya vyuma, niliona rejeta yenye kiraka cha bati la mafuta ya kupikia, bati jekundu, ambalo baba alilichomelea mwenyewe huku nikimtazama. Mama pia alikiona.

Mjomba alishuka akitabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

"Owadwa," mama alisema. Ndugu yetu. "Kumbe ilikubali?"

"Nyaminwa, dada yangu, ngoja nikueleze."

"Ilikubali lini?"

"Ile mwili ya gari yenu imeoza. Injini ingelala bure huko Uriri. Hapa inalisha watu. Hata Mama inampeleka kanisa."

Mama akageuka polepole. Nyanya alikuwa ameinamia chungu, akikoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

"Mama, ulijua?"

"Ni mtoto wangu," nyanya alisema.

"Na mimi?"

Nyanya akaendelea kukoroga. Nimekaa na kimya kile maisha yangu yote. Mama alisubiri, nakuhakikishia alisubiri, alimpa nafasi. Kisha akanishika mkono tukatoka, samaki wakiwa bado motoni. Kwetu mtu haondoki kwao chakula kikiwa jikoni. Binamu yangu alitufuata hadi langoni akiuliza tumekosana nini.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Majirani walimwambia aende kwa chifu. "Nimshtaki ndugu wa mke wangu?" alisema, akafunga boneti ya pikapu taratibu, kana kwamba kuna kitu ndani. Kuku wakaanza kutagia humo. Lakini hasira isiyokwenda kwa chifu ilibaki nyumbani. Kila kitu kilipoharibika, hata jembe, baba alimwambia mama, "Watu wa kwenu." Shule nilirudi nikiwa nimepitwa na wenzangu wote. Mjomba hakuja tena. Gari lake nalo halikumfikisha mbali, nasikia lilikufa njiani na likaachwa huko.

Nyanya alipozikwa, mama alikaa mbali na mdogo wake. Miaka mingi baadaye mjomba naye akafa. Sikudhani mama angeenda. Alienda, akalia kama dada anavyotakiwa kulia, hadi sauti ikakauka. Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza kama amemsamehe.

"Hapana," alisema. "Nimemlilia yule wa kabla ya gari."

Sasa wote wamelala. Boma la nyanya limejengwa nyumba za kupangisha, na wapangaji hawajui palikuwa pa nani. Binamu yangu nasikia yuko hai, ana wajukuu, anakaa ng'ambo ya Homa Bay. Majina yao siyajui. Huenda baadhi yao wako huku Migori, wananunua mboga na vitunguu kwenye meza zilezile ninazonunua mimi, na tukigusana mabega tunaombana radhi kama wageni, kila mmoja akashika njia yake.