Nta Kwenye Mlango wa Gari

Fundi wa gereji ya mtaa wa Cheyo alipoanza kukwangua ukingo wa mlango ili aweke raba mpya, harufu ya nta ilinijaa puani.

"Dada, nani alipaka nta kwenye gari?" fundi aliuliza.

"Baba."

Wakati huo nilikuwa mtoto; mama alikuwa amelazwa hospitali mjini, na baba alitaka kumrudisha kijijini kwao Ipole. Gari hili letu kuukuu lilikuwa likivuja kila mvua iliponyesha. Baba aling'oa kiti cha mbele, akatandika godoro, kisha akaanza kupaka nta mlangoni kama warina asali wanavyopaka mizinga. Aliilainisha kiganjani, akaisukuma kwa kidole gumba.

"Kwa nini mama asikae kwenye kiti?" niliuliza.

"Atalala. Barabara ina mashimo."

"Kama amepona, kwa nini alale?"

"Wewe mtoto, maswali yako yatamaliza nta yangu!"

Baba alikuwa bado anacheka wakati mjomba alipoingia uani, akaiacha baiskeli ianguke.

"Shemeji, dada ametutoka."

Baba akachukua donge lingine la nta, akaendelea.

"Shemeji, acha sasa."

"Mvua inakuja."

Alimaliza mlango wote. Siku hiyo sikuuliza kwa nini.

Tulipomchukua mama hospitali, mvua ilitupiga njia nzima hadi Ipole. Nilikaa nyuma, nimeshika ncha ya shuka jeupe alilofunikwa mama. Lilibaki kavu.

"Sasa dada, nibandue yote?" fundi aliuliza.

Nilimwambia aende kwanza akanywe chai.