Madubwana wa Foleni ya Maji

Mimi ni mbishi. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Nikishaingia kwenye jambo, ukiniambia jamani acha, ndiyo kwanza nakaza.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda Newala kugombania korosho na maduka ya Masasi yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, mama alinituma kwa shangazi yangu aliyekaa Mkomaindo, huko huko Masasi. Nilikuwa nimemaliza shule, nafasi ya kuendelea sikupata, kwa hiyo nyumbani nilikuwa mtu wa kutumwa. Jirani na shangazi kulikuwa na kibanda cha video. Nikaingia. Walikuwa wanaonyesha katuni: watoto wanakamata madubwana, wanawafundisha, kisha wanawapambanisha. Lugha sikuelewa hata neno moja. Dubwana mmoja mdogo, mnyonge, alikuwa amebanwa na jitu kubwa, roho yangu iko juu, mara umeme ukakatika. Tulisubiri mpaka mwenye kibanda akatufukuza.

Nikarudi Newala na nusu ya hadithi. Iliniwasha. Yule mnyonge alishinda au hakushinda? Hakuna wa kuniambia. Basi, nikasema, nitautengeneza mwenyewe mchezo wa namna ile, wa kuchezwa chini kwenye mkeka, usiotegemea umeme wa mtu.

Nilikata maboksi ya sabuni nikapata kadi, nikachora. Kulikuwa na Mnywaumande, aliyeishi ndani ya tangi kavu na kulamba umande kabla watu hawajaamka. Kulikuwa na Jabali Mvivu, mlima wa Masasi uliojifunza kutembea lakini hautaki. Kulikuwa na Moshi wa Maganda, anayezaliwa korosho zinapochomwa. Huyo akikupata machoni umekwisha. Kila mmoja nilimwandikia nguvu, mbio na hulka. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia wenzake wako wapi na wanaona nini. Wenzake wanasema wanafanya nini, wanamkamata nani, wanamfundisha vipi, wanamtuma nani vitani. Dadu hatukuwa nayo. Nilichukua korosho tano na maganda yake, nikazipaka masizi upande mmoja. Ukizirusha, unahesabu ngapi zimetazama juu kwa weusi, unajumlisha na nguvu za dubwana wako.

Mara nyingi kila mtu alipata mbili au tatu. Maana yake mwenye nguvu alishinda kila siku, nami sikutaka hivyo. Nilimtaka mnyonge apate upenyo. Nikafuta, nikaandika, nikafuta, mpaka kaunta buku nililoandikia sheria likatoboka. Mama akasema, "Mwanangu, ungekuwa unalima hivyo tungekula mpaka tukasaza." Juma la nne nikapata: dubwana aliyefundishwa kwa kupigwa anaweza kukataa amri siku ya pambano, hata awe na nguvu za tembo. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Tulichezea kwenye foleni ya maji. Newala ina ofisi, ina soko, ina hewa nzuri, maji ndiyo hakuna. Bomba likitoa leo, kesho linakohoa tu. Wasichana tulikaa pale tangu alfajiri hadi jua la utosini, kwa hiyo muda wa kucheza ulikuwepo tele.

Mchezaji wangu mkubwa alikuwa rafiki yangu, Myao. Mimi Mmakua. Kwetu hilo lina maana moja: ni watani. Mtani anaweza kukupokonya muhogo mdomoni mbele ya watu, akasema una sura ya kufukuzia ngedere shambani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Basi yule hakuacha kitu. Nikisimulia pango la kutisha, anauliza kama huyo anayetoka humo ni mjomba wangu. Nikirusha korosho, anaidaka moja hewani, anaigeuza, anasema, "Hii imelala hovyo kama Wamakua." Siku moja Jabali Mvivu wangu alipigwa na kadi aliyoichora rafiki yangu palepale, ya bibi yangu akiwa na mwiko. Foleni nzima hoi kwa kicheko.

Mimi damu ikachemka. Majuma mangapi nimekaa na hesabu zile, halafu mtu aje kuzifanya kichekesho? Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika kwa herufi kubwa: NDANI YA MCHEZO HAKUNA UTANI.

Akausoma. Akausoma tena.

"Kwa hiyo nikikaa hapa, mimi si mtani wako?"

"Ukikaa hapa wewe ni mchezaji."

"Haya."

Akanyanyuka akaenda kukaa upande wa pili. Asubuhi yake tukakutana njiani. "Habari za asubuhi, dada," akasema. Dada! Toka lini? Nikiangusha kitu ananiokotea. Nikipita ananipisha. Wiki ya pili bado dada, wiki ya tatu bado dada, adabu tupu, hata matusi yana nafuu.

Na mchezo ukanyooka. Kila korosho ilitua ilipotua, kila mtu alingoja zamu yake, kimya kama chumba cha mtihani. Mmoja akasema ana nguo za kufua, mwingine hakusema kitu, hakuja tu. Mimi nikakaza. Nikaongeza madubwana kumi. Nikaongeza korosho ya sita. Nikashusha nguvu za Moshi wa Maganda, nikazipandisha tena. Mpaka siku moja mnyonge wangu akamwangusha Jabali Mvivu, jambo nililolihangaikia tangu Mkomaindo, nikainua macho kumtafuta atakayesema neno la kipumbavu. Hayupo. Iliniuma, sitaficha. Nilimfukuza kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaenda kwao. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umetupotea?" Rafiki yangu akatoka, akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha wageni. Mimi, kikombe cha wageni! Nikamwonyesha kwamba ile sheria nimeifuta.

"Ahsante dada. Umefanya vizuri."

"Naomba radhi," nikasema.

Hapo nikaharibu kabisa. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia mara ya pili kwamba baina yenu hakuna utani. Mama yake akainamia ungo wake kama hajasikia, nami nikarudi nyumbani najisemea njia nzima. Kalamu nilikwishaitumia, mdomo nilikwishautumia. Lakini kukata tamaa, hilo sikuwa nalijua.

Kesho yake ilikuwa siku ya nne bomba halijatoa. Anayeijua Newala anajua ndoo ni mtu: unaiacha kwenye mstari, unakwenda zako kivulini, na anayeigusa anatafuta ugomvi. Ndoo ya rafiki yangu ilikuwa ya kwanza kabisa. Yangu ilikuwa ya mwisho. Bomba likaanza kukohoa. Nikatoka, nikainyanyua ndoo yake mbele ya watu wote, nikaipeleka mkiani, nikarudi na yangu nikaitega chini ya bomba.

"Myao angoje Wamakua wanywe kwanza," nikasema kwa nguvu.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema, "We mtoto una wazimu?" Rafiki yangu akitamka tu kwamba mimi si mtani wake, basi mimi ni mwizi wa zamu, na rafiki sina tena. Na haki ya kutamka alikuwa nayo, nilimpa mwenyewe kwa maandishi. Maji yakaanza kutoka. Akanitazama mpaka ndoo ikafika nusu. Ikapita nusu.

Akaja. Akachomoa kaunta buku kwapani kwangu, akachana kurasa za sheria, za nguvu, za mbio, za hulka, miezi yangu yote ile, moja moja, bila haraka. Nikauma meno. Akanirudishia kaunta buku, akazisokota kurasa pamoja, akazizungusha zikawa kata, akaiweka kichwani. Kisha akainama, akajitwika ndoo yangu imejaa pomoni, akashika njia ya kwao.

"Hiyo ndoo yangu!" nikapiga kelele.

Hakugeuka, maji yangemwagika. "Nenda mkiani huko, Mmakua mchafu! Utaoga mwezi ujao!"

Foleni ikalipuka. Nikaenda mkiani nikakaa kando ya ndoo yake tupu, machozi yananitoka kwa kucheka, nikafungua kurasa zilizobaki na kuanza kuandika upya, haraka haraka, ili akirudi akute kitu cha kuvuruga.