Somoe na Kikaragosi Kinachosubiri Sauti

Jua bado halijagusa mabati ya nyumba za Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara, lakini Somoe Zuberi ameshavaa baibui lake kuukuu na kuziba dirisha kwa pazia zito. Mezani mbele yake kuna shamba la chumvi lenye upana wa sinia mbili. Katikati ya shamba amesimama mwanamume mwenye urefu wa kalamu, ameshika reki.

Somoe anainama, anabana pumzi, anausogeza mkono wa yule mtu kidogo sana, kama unene wa punje ya mchele. Anajitoa mezani. Anabonyeza kitufe cha waya wa masikioni uliochomekwa kwenye simu, na simu inapiga picha kwa mlio mdogo. Anainama tena.

"Sogeza, piga. Sogeza, piga," anasema bila kugeuka. "Ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kuvumilia mgongo."

Sogeza-piga ndilo jina aliloipa sanaa hii ya kutengeneza filamu kwa picha moja moja. Vijana wa mjini huiita kwa Kiingereza. Majirani huiita "yale madoli ya Mama Zainabu", kwa jina la binti yake. Yeye anasema Kiswahili kina maneno mawili tu yanayohitajika hapo, na yote mawili ni vitenzi.

Jicho ndilo linalodanganywa. Ukiliwekea picha kumi na mbili zilizotofautiana kidogo ndani ya sekunde moja, halioni tena picha. Linaona mtu anatembea. Kwa hiyo asubuhi nzima ya Somoe, tangu giza mpaka mabati yaanze kupata moto, huzaa sekunde mbili za filamu. Siku ikiwa njema, tatu.

Ujanja huu ni mkongwe. Umetimiza zaidi ya miaka mia moja tangu watu wa Ulaya na Marekani wagundue kwamba kamera ikisimamishwa, kitu kikasogezwa, kisha kamera ikaendelea, kitu hicho kitaonekana kimejisogeza chenyewe. Walianza na njiti za kiberiti na wanasesere wa watoto. Wengine walichukua mbawakawa waliokufa, wakawafunga miguu ya waya, na watazamaji wakaamini wadudu wamefundishwa kuigiza.

"Mimi sikujua hayo," anasema Somoe, mwenye umri wa miaka thelathini na minane. "Mimi nilijua cherehani."

Cherehani ndiyo bado inayolisha nyumba. Hushona sare za shule na magauni ya harusi, na wiki nzuri humwachia kama shilingi elfu hamsini. Miaka sita iliyopita muuguzi mmoja aitwaye Irene alimletea kazi ya ajabu: kushona vinguo vya vikaragosi kwa ajili ya filamu fupi ya kuhimiza watu walale ndani ya chandarua. Somoe alishona, kisha akaomba akae aone inavyopigwa.

"Nilidhani ndani ya doli kuna mashine. Nikamfunua, nikakuta waya na sponji. Nikasema, hee, kumbe huyu ni wa kwetu kabisa."

Waya aliupata nyumbani. Mumewe, Suleimani, ni fundi wa kusuka mota za pampu na feni, na karakana yake haikosi mabaki ya shaba. Anasokota nyuzi mbili pamoja ili zisikatike haraka zinapokunjwa mara nyingi. Hiyo ndiyo mifupa ya kikaragosi. Nyama ni sponji. Ngozi ni kitambaa. Chini ya chumvi, meza imetandazwa soli za ndala zilizochakaa, na nyayo za kikaragosi zina pini za kushonea zinazochomekwa humo, ili asianguke akinyanyua mguu mmoja.

Baibui nalo lina sababu yake. Filamu yake ya kwanza, aliyoipiga kwa majuma kadhaa, ilimtia wazimu: ukuta mweupe wa nyuma ulikuwa mwekundu, ukageuka manjano, ukarudi mwekundu. Aliilaumu simu. Aliulaumu umeme. Alibadilisha taa.

"Akaja huyu," anasema akimnyooshea kidole Suleimani, ambaye amekaa mlangoni na kikombe cha chai ya rangi. "Akatazama, akacheka mpaka akashika mbavu."

"Nilimwambia ukweli," anajibu Suleimani. "Nilisema, mke wangu, ukuta unavaa kanga zako."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Somoe aliingia kazini na kanga aliyoamka nayo, akasimama karibu na taa, na rangi ya kanga ikaruka hadi ukutani. Jicho la mtu halikuliona hilo. Simu ililiona. Tangu siku hiyo hapigi picha hata moja bila nguo nyeusi.

Filamu anayoifanya sasa inamhusu baba yake, Zuberi Salumu, aliyevuna chumvi kwenye mashamba ya pwani, mbele ya Madimba, kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma. Ni filamu ya dakika nne. Baba anaamka, anafungua maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, yaingie shambani, anasubiri jua lifanye kazi yake, anavuna, anawaita wachukuzi. Basi. Mzee huyo alifariki Somoe akiwa na miaka sita.

"Hakuna picha ya baba hata moja," anasema. "Wanangu wananiuliza babu alikuwaje, nawaambia alikuwa mrefu. Mrefu. Ndiyo kitu pekee ninachowapa."

Anachokumbuka ni mgongo wa mtu aliyeinama juu ya kitu cheupe, na sauti iliyowaita wachukuzi ikivuka shamba zima. Mgongo ameuweza. Sauti hana.

Mwenye sauti hiyo anaishi Mikindani. Ni kaka yake, Ustadhi Shafii, mwenye miaka hamsini na moja, anayefundisha watoto Kurani. Wazee waliomfahamu Zuberi wanasema Shafii akiadhini, ni kama marehemu amerudi. Somoe amemwomba mara nyingi aje amwingizie maneno machache tu. Kwa miaka miwili jibu limekuwa lile lile.

"Kaka anasema yeye haongei ndani ya sanamu."

Kwa Shafii, kutengeneza umbo la kiumbe si jambo dogo. Wapo masheikh wanaolegeza kwa madoli ya kuchezea na kwa maumbo yasiyo na uso. Yeye hapendi kukaa karibu na mpaka. Somoe hakubishana. Kaka huyo ndiye aliyemlea tangu baba alipofariki, ndiye aliyemnunulia cherehani. Alichofanya ni kuwang'oa vikaragosi wake wote vifungo vya macho na kuwafuta midomo.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na hapo ndipo ilipokuwa nzuri. Kikaragosi asiye na uso hawezi kutabasamu. Furaha yake lazima ipitie shingoni, uchovu upitie mabegani. Somoe alijifunza kuwa mtu akisikia jina lake, kabla ya kugeuka, kidole chake hutangulia kushtuka. Vitu hivyo kikaragosi mwenye macho ya vifungo hakuwahi kumdai.

"Na hata kama ningemwekea baba uso," anasema, "ungekuwa uso wa nani?"

Shafii aliposikia nyuso zimeondolewa, alisema hilo ni baina ya dada yake na Mola wake. Sauti hakutoa.

Alhamisi hii, chuo chake cha Kurani kikiwa kimefungwa, Ustadhi amekuja kutengenezewa kola ya kanzu. Kama kawaida yake, anaishia barazani. Hajawahi kuingia chumba cha vikaragosi.

"Shemeji, ingia ndani, kuna feni," Suleimani anamtania. "Madoli hayaumi."

"Feni uliyoisuka wewe?" anajibu Shafii. "Bora jua."

Somoe anachukua kanzu na kuiweka kwenye cherehani hapo barazani. Simu ameiacha imeegemea kopo dirishani, ikirudia rudia kipande cha asubuhi: mtu mdogo anavuta reki, chumvi inamfuata, anavuta tena. Shafii anakunywa maji. Anatazama barabarani. Anatazama simu. Anaweka bilauri chini.

"Huyo ni nani?"

"Baba," anasema Somoe, bila kuinua macho kutoka kwenye kola.

Anaendelea kukanyaga cherehani. Kisha Ustadhi anasema, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha ubao, "Baba hakuvuta."

Cherehani inasimama.

"Ukivuta, unachota na tope. Chumvi inatoka nyeusi. Hao waliovuta walikuwa wavivu. Baba alikuwa anasukuma, ubao umelala chini hivi, anatanguliza goti la kushoto. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu. Wewe ulikuwa umelala kwenye kivuli, umejaa kamasi."

"Sasa si unionyeshe, kaka," anasema Somoe. "Mimi nitajuaje?"

Anainuka, anampa fagio lenye mpini mrefu, na kuielekeza simu kwake. Ndiyo njia ya kazi hii: mwendo mgumu hupigwa kwanza kwa mtu halisi, kisha huhamishiwa kwenye kikaragosi kidogo kidogo. Shafii anaitazama simu, anakubali kwa kichwa. Yeye si sanamu.

Anashuka uani, anakunja mikono ya shati. Anashika fagio chini kabisa, analilaza, anatanguliza goti. Anasukuma vumbi la uani kwa hatua fupi, mgongo umenyooka kuliko mgongo wa kikaragosi, mpaka vumbi linajikusanya kuwa kichuguu. Anapofika mwisho anasimama, anaweka kiganja kando ya mdomo, na kabla hajajua anachofanya, anaita:

"Haya, chumvi yaiva, wenye vikapu!"

Mwanamke anayepita na ndoo kichwani anageuka. Suleimani anashusha kikombe. Somoe anabaki ameishika simu kwa mikono miwili.

Sauti imeingia. Miaka miwili ya kuomba, na sasa imo ndani ya simu, safi, bila hata jogoo wa jirani kuikata. Wote watatu uani wanalijua hilo. Shafii anasimamisha fagio ukutani polepole.

"Kumbe imeshika na maneno," anasema.

"Imeshika," anajibu dada yake.

"Basi umepata ulichokitaka."

Somoe anakaa kwenye kizingiti, anafungua ile video, na kumgeuzia kaka yake kioo ili aone vidole vyake. Anaigusa alama ya spika. Anaifuta sauti, anahifadhi, na kuichezesha tena: Shafii anasukuma fagio, anasimama, anaweka kiganja mdomoni, na hakisikiki chochote.

"Mikono nitaichukua, uliniruhusu," anasema. "Sauti utanipa mwenyewe. Usiponipa, baba ataita kimya kimya, wanangu watajua ameita."

"Ungeificha nisingejua," anasema Shafii.

"Ungejua siku ya kuionyesha. Ungetoka, usingerudi tena kwenye nyumba hii."

Suleimani anakunywa chai yake. Somoe anarudi kwenye kola, anaimaliza, anakata uzi kwa meno na kukunja kanzu. Shafii anaipokea, anaiweka kwapani, anashuka ngazi ya baraza. Pale uani anasimama.

"Lile la kuita halikuwa fupi hivyo," anasema. "Nimesema nusu. Kuna sehemu anawataja wachukuzi mmoja mmoja kwa majina."

"Unayakumbuka majina?"

"Yote." Anafikiri. "Jumapili nikishawaruhusu watoto nitakuja. Nitasemea hapa nje, chumbani siingii. Na hayo ya kuvuta uyaondoe kwanza, mimi sitii sauti kwenye uvivu."

Anaondoka kwa mwendo wake wa siku zote. Somoe anaingia chumbani, anavaa baibui, anawasha taa na kupangusa chumvi yote ya asubuhi hadi meza ibaki na soli tupu za ndala. Sekunde kumi na moja za kuvuta, kazi ya karibu wiki nzima, zimekwenda na maji. Anamkunja goti la kushoto yule mtu mdogo, anamchomeka pini, na kuanza kumwaga chumvi upya.

Anasema akimaliza ataionyesha filamu ukutani kwa kaka yake, Mikindani, sehemu ya nje, mahali watakapoketi wanawe na watoto wa chuo na wazee wachache waliobakia wa mashamba yale. Hajaomba ruhusa bado. Anasubiri Jumapili.